Pikapu Rahisi: Kwa Nini Imekuwa Adimu?

Mazungumzo baada ya taarifa ya habari. Mfululizo: Nchi Jirani



Jioni ya leo tunazungumzia chombo ambacho hakuna askari wa Afrika ya Mashariki asiyekifahamu. Si bunduki, wala si redio ya upepo. Ni pikapu. Ndiyo inayopeleka chakula kwenye lindo la mbali, inayombeba mgonjwa usiku wa manane, inayofuata nyayo za wezi wa ng'ombe na inayorudisha maiti ya mwenzetu nyumbani kwao. Mahali penye pikapu nzima, kituo cha polisi ni kituo. Mahali ambapo pikapu imesimama juu ya matofali ikingoja kipuri, kituo hugeuka kuwa nyumba yenye bendera, na mwananchi anayekuja mbio kuomba msaada huambiwa atafute usafiri kwanza.

Kiswahili kina neno moja, rahisi, lenye maana mbili. Kitu rahisi ni kile ambacho bei yake ni nafuu. Na kitu rahisi ni kile kisicho na ugumu kukielewa wala kukitengeneza. Kwa muda mrefu pikapu ilistahili maana zote mbili. Mbele ilikuwa na nafasi ya watu wawili au watatu, nyuma sanduku la chuma. Injini yake haikuwa na kompyuta, giaboksi ilikuwa ya mkono, vioo vilishushwa kwa kuzungusha mpini. Fundi mwenye akili timamu na sanduku la spana aliweza kuifungua chini ya mwembe na kuifunga tena kabla ya jua kutua. Leo, mtu anayetaka kununua pikapu mpya ya namna hiyo, awe ni mkulima, mfanyabiashara au serikali nzima, atatafuta sana. Pikapu mpya zipo, lakini nyingi ni ghali na ngumu. Swali letu la leo ni hili: Kwa nini imekuwa hivyo, majirani zetu wamefanya nini, na sisi tunaovaa sare linatuhusu vipi?

Kwanza tuangalie tulikotoka. Land Rover ilianza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948, na wazee wetu wa jeshi na polisi waliirithi kutoka kwa wakoloni pamoja na kambi na vituo. Mwaka 1968 kiwanda cha Toyota cha Japani kikaleta Hilux. Kulikuwa pia na Datsun, na baadaye pikapu ya Peugeot 504, ambayo ilibeba abiria, mirungi, samaki na saruji katika kila barabara ya Kenya. Mwaka 1984 ikatokea Land Cruiser ya jamii ya 70, ambayo hata leo ndiyo sura ya gari la polisi katika sehemu kubwa ya eneo letu. Magari hayo yalitofautiana kwa asili na kwa umbo, lakini yote yalijengwa kwa fikra moja: kwamba mwenye gari atakuwa mbali na karakana, barabara itakuwa mbaya, na fundi hatakuwa na chombo chochote cha ajabu.

Maofisa waliosoma historia ya vita vya Afrika wanajua kwamba pikapu imekwisha kuamua hatima ya mataifa. Mwaka 1987 majeshi ya Chad yalipambana na majeshi ya Libya yaliyokuwa yameikalia sehemu ya kaskazini ya nchi hiyo. Libya ilikuwa na vifaru, ndege na mizinga. Wanajeshi wa Chad walikuwa na pikapu za Toyota, makombora ya kuvunja vifaru ya MILAN waliyopewa na Ufaransa, na ujuzi wa jangwa lao. Tarehe 2 Januari waliiteka Fada. Tarehe 22 Machi wakauteka uwanja mkubwa wa ndege za kijeshi wa Ouadi Doum. Na mwezi Septemba wakavuka mpaka na kuishambulia kambi ya Maaten al-Sarra iliyokuwa ndani ya Libya kwenyewe. Dunia ikavipa vita hivyo jina la Vita vya Toyota. Hatulisimulii jambo hili ili kusifu vita, wala ili kusifu kiwanda. Tunalisimulia kwa sababu linafundisha kwamba thamani ya chombo haitokani na wingi wa mitambo yake. Inatokana na jinsi kinavyolingana na ardhi, na jinsi mtumiaji anavyoweza kukifanya kiendelee kwenda.

Sasa tutazame jinsi vyombo hivyo vinavyotoweka. Tarehe 29 Januari 2016, katika kiwanda cha Solihull nchini Uingereza, ilitengenezwa Land Rover Defender ya mwisho ya umbo lile la zamani. Jina la Defender lilirudi baadaye, lakini gari lililolichukua ni jingine kabisa: ni gari la starehe lililojaa vyombo vya umeme, na bei yake si ya kituo cha polisi cha wilaya.

Kusini mwa bara letu mambo yamekwenda hivyo hivyo. Afrika ya Kusini ilikuwa na desturi yake ya pekee ya pikapu ndogo za kubeba kiasi cha nusu tani. Tangu mwaka 1971 ilitengenezwa huko pikapu ndogo ya Datsun, ambayo baadaye iliitwa Nissan 1400, na iliendelea hadi mwaka 2008. Fundi bomba, muuza mboga na mwalimu wa shule waliweza kuinunua ikiwa mpya. Ford nao walikuwa na Bantam, wakaiacha mwaka 2011. Chevrolet Utility ikakoma mwaka 2017, wakati kampuni ya General Motors ilipoondoka nchini humo. Ikabaki Nissan NP200, iliyounganishwa katika kiwanda cha Rosslyn karibu na Pretoria. Mwaka 2024 nayo ikakoma, na haikuachiwa mrithi katika kiwanda kile. Wakati inakoma ilikuwa bado inanunuliwa kwa wingi. Kwa hiyo haikufa kwa kukosa wateja. Ilikufa kwa sababu asili ya umbo lake, yaani gari la Dacia Logan, ilikuwa imekwisha kupitwa na wakati huko Ulaya, na kampuni haikuona faida ya kubuni pikapu ndogo mpya kwa ajili ya wanunuzi wenye kipato kidogo.

Ndugu msikilizaji, hapo ndipo penye kiini cha jambo. Watu wengi hudhani kwamba bidhaa hutoweka pale watu wanapoacha kuitaka. Sivyo ilivyo daima. Bidhaa yaweza kutoweka huku watu wakiililia, ikiwa anayeitengeneza anapata faida kubwa zaidi kwa kutengeneza kitu kingine. Kujenga gari dogo rahisi kunahitaji chuma, matairi, wafanyakazi na meli ya kulisafirisha, karibu sawa na gari kubwa la kifahari. Lakini gari la kifahari huuzwa kwa bei kubwa zaidi, na ziada hiyo ndiyo faida. Hivyo Hilux, Ford Ranger na Isuzu D-Max, ambazo zilizaliwa zikiwa punda wa mizigo, zimekuzwa mwaka hadi mwaka hadi kuwa magari ya familia tajiri: milango minne, viti vya ngozi, skrini kama ya televisheni, na sehemu ya mizigo iliyofupishwa ili kuwapisha abiria.

Sababu ya pili ni sheria za nchi zenye soko kubwa. Chukua mfano wa Marekani, ambayo ndiyo nchi inayopenda pikapu kuliko nyingine yoyote duniani. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nchi za Jumuiya ya Uchumi ya Ulaya ziliongeza ushuru wa kuku waliotoka Marekani. Marekani ikalipiza kisasi. Kuanzia mwaka 1964 ikatoza ushuru wa asilimia 25 kwa wanga wa viazi, dekstrini, pombe ya brandi na malori mepesi. Ugomvi wa kuku umekwisha kusahaulika, na ushuru wa vile vitu vingine uliondolewa, lakini ule wa malori mepesi haukuondolewa. Matokeo yake ni kwamba pikapu ndogo kutoka nje haikuweza kuingia Marekani kwa bei nafuu. Kisha zikaja kanuni za matumizi ya mafuta zilizopima gari kwa eneo lililo kati ya magurudumu yake: gari kubwa likapewa masharti mepesi kuliko gari dogo. Viwanda vikaona ni heri kulikuza gari kuliko kuhangaika na injini. Kuku wa miaka ya 1960 na kanuni iliyokusudiwa kuokoa mafuta vikashirikiana kuifukuza pikapu ndogo katika soko tajiri kuliko yote.

Mtu atauliza: Yahusu nini Marekani na lindo la Namanga au la Mutukula? Yahusu sana. Viwanda vya magari ni vichache, na wahandisi wake hubuni kwanza kwa ajili ya wanunuzi wenye fedha. Sisi hupokea kilichobuniwa kwa ajili ya wengine, kikiwa kimepunguzwa hapa na pale. Siku mnunuzi tajiri anapoacha kutaka chombo rahisi, au anapozuiwa na sheria yake kukipata, nasi tunakikosa.

Sababu ya tatu iko kwetu wenyewe. Nchi zetu hununua magari mapya machache mno. Sehemu kubwa ya magari yaingiayo katika bandari za Dar es Salaam na Mombasa ni yale yaliyokwisha kutumika, hasa Japani. Hakuna kosa katika hilo. Mwananchi hununua kwa kadiri ya mfuko wake. Lakini kuna mambo mawili ambayo hayatazamwi sana. La kwanza, kiwanda hakimhesabu mtu anayenunua gari la mkono wa pili. Mbele ya mhandisi wa Nagoya, mnunuzi huyo hayupo. La pili, Japani yenyewe si nchi ya pikapu. Hilux iliacha kuuzwa huko mwaka 2004, ikarudi mwaka 2017. Kwa hiyo magari madogo ya abiria kutoka Japani yamejaa mitaani kwetu kwa maelfu, lakini pikapu imara iliyotumika ni adimu, na iliyopo bei yake haishuki. Ndiyo sababu wananchi wamekimbilia vile vigari vidogo vya Suzuki Carry walivyovipa jina la kirikuu, na pikipiki za matairi matatu wanazoziita toyo. Vyombo hivyo vinafanya kazi ya kusifika mjini na sokoni. Lakini injini isiyozidi sentimita za ujazo 660 haiwezi kuwabeba askari kumi na vifaa vyao katika tope la masika.

Je, hakuna mahali popote duniani ambapo watu wamejaribu kuirudisha pikapu rahisi? Wapo, na majaribio yao yana mafunzo.

Huko Uingereza tajiri mmoja wa viwanda vya kemikali, Jim Ratcliffe, alikasirishwa na kufa kwa Land Rover ya zamani, akaamua kujenga gari lenye moyo ule ule. Gari hilo, Grenadier, lilianza kutoka kiwandani Hambach, Ufaransa, mwaka 2022, na mwaka uliofuata pikapu yake ikatangazwa. Ni gari imara. Lakini bei ya pikapu hiyo huko Uingereza ilizidi pauni 60,000. Mtu aliyekwenda kutafuta urahisi wa maana ya pili aliupoteza urahisi wa maana ya kwanza. Funzo ni kwamba kitu kisicho na ugumu hakiwi nafuu mpaka kitengenezwe kwa wingi.

Marekani, kampuni ya Ford ilitangaza mwaka 2021 pikapu ndogo iitwayo Maverick kwa bei ya kuanzia chini kidogo ya dola 20,000. Wanunuzi waliikimbilia kiasi kwamba kiwanda kilizidiwa. Kufikia mwaka 2025 bei ya kuanzia ilikuwa imezidi dola 26,000. Mwezi Aprili 2025 kampuni changa ya Slate ilionyesha pikapu ya umeme isiyo na rangi, isiyo na redio, yenye vioo vya kuzungusha kwa mkono, na ikaahidi bei ya chini ya dola 20,000. Lakini ahadi hiyo ilitegemea ruzuku ya serikali ya dola 7,500, na ruzuku ile ilifutwa mwishoni mwa Septemba mwaka huo huo. Funzo la pili: bei iliyojengwa juu ya ruzuku ni kama nyumba iliyojengwa juu ya kichuguu.

Jaribio lililofanikiwa zaidi limetoka Thailand, ambako Toyota hutengeneza Hilux kwa wingi mkubwa. Mwezi Novemba 2023 ilianza kuuzwa huko pikapu iitwayo Hilux Champ. Bei yake ya chini ilikuwa baht 459,000, yaani takribani dola 13,000. Imefanyikaje? Hawakubuni kila kitu upya. Walichukua chasisi na injini ambazo tayari zinatengenezwa kwa mamilioni, wakaondoa mapambo, wakanyoosha mistari ya bodi, na nyuma wakaweka jukwaa tambarare lenye matundu ya kufungia bolti, ili mafundi wa mitaani wamalizie wenyewe: huyu aweke sanduku, yule aweke tangi la maji, mwingine aweke kibanda cha kubebea wagonjwa. Kiwanda kikabaki na kazi ya kiwanda, na fundi wa mjini akapata kazi yake. Funzo la tatu, na ndilo kubwa: urahisi unawezekana pale penye soko kubwa lililokusanyika pamoja, na pale ambapo fundi wa nyumbani amepewa nafasi.

Turudi kwa majirani zetu. Kenya ndiyo iliyotangulia katika eneo letu kwa kuunganisha magari. Katikati ya miaka ya 1970 vilianzishwa viwanda vya Thika, Nairobi na Mombasa, na hata leo Isuzu D-Max huunganishwa Nairobi, na pikapu ya Land Cruiser huunganishwa Mombasa. Kenya ilijaribu pia kujenga gari lake yenyewe. Mradi wa gari la Nyayo ulianzishwa mwaka 1986, na mwaka 1990 magari ya mfano yakaonyeshwa hadharani, lakini hayakufika sokoni. Tangu mwaka 2010 kampuni ya Mobius ilijitahidi kutengeneza gari lisilo na makuu kwa ajili ya barabara mbaya. Mwezi Agosti 2024 ikatangaza kwamba inafungwa kwa kuelemewa na madeni na kodi, kisha ikasemekana amepatikana mnunuzi. Kwa upande wa magari ya polisi, Kenya ilichagua tangu mwaka 2013 njia ya kukodi: kampuni humiliki na kulitengeneza gari, serikali hulipa kodi. Njia hiyo huwaondolea makamanda mzigo wa karakana. Lakini gari la kukodi lina siku ya kurudishwa, na ustadi wa kulitengeneza hubaki kwa mwenye mali.

Kwetu Tanzania, Kibaha ni jina lenye historia. Hapo ndipo malori ya Scania yalipounganishwa, na hapo ndipo lilipo Shirika la Nyumbu lililo chini ya Wizara ya Ulinzi, ambalo katika miaka ya 1980 wataalamu wake waliunda lori lililopewa jina hilo hilo la Nyumbu. Lori lile halikuenea barabarani kama ilivyotarajiwa. Walakini wale waliolibuni walithibitisha jambo moja ambalo halifutiki: kwamba mikono ya Kiafrika yenye sare inaweza kubuni, kuyeyusha, kuchonga na kuunganisha. Kilichokosekana ni fedha za kuendelea, na soko la kutosha.

Soko. Neno hilo linarudi kila mara. Ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika ya Mashariki, ulioanza kutumika mwaka 2005, umekuwa kwa miaka mingi ukitoza asilimia 25 kwa gari lililokamilika na kuachia bila ushuru vipande vinavyoletwa kuunganishwa. Shabaha yake ni njema. Lakini ikiwa kila nchi mwanachama inataka kiwanda chake, na kila jeshi na kila polisi wanaagiza gari la aina yao, basi hakuna kiwanda kitakachofikia wingi unaoshusha bei. Polisi wa Uganda, wa Kenya, wa Rwanda na wa Tanzania wanapita katika tope la aina moja na vumbi la aina moja. Hakuna sababu ya maumbile inayowafanya wahitaji magari ya sifa tofauti. Zikikaa pamoja na kuandika sifa za pikapu moja, kisha zikaagiza pamoja kwa mkataba wa miaka kadhaa, nchi hizi zitakuwa mnunuzi ambaye mhandisi wa Nagoya au wa Bangkok hawezi kumpuuza.

Hata hivyo, hatupaswi kulisema jambo hili upande mmoja tu. Wapo wanaosema kwamba pikapu za zamani zilikufa kwa haki, kwa kuwa zilikuwa zikiua watu. Wana hoja. Mwaka 2018 shirika la Global NCAP liliigongesha pikapu ya Nissan NP300 Hardbody iliyokuwa ikiuzwa Afrika, na katika usalama wa watu wazima ikapata nyota sifuri. Haya si maneno ya mabwana wa viwanda wanaotaka kutuuzia mapambo. Ni ushahidi wa chuma kilichokunjika pale ambapo kifua cha dereva kingekuwa. Nasi tunajua ni askari wangapi wanaokaa nyuma ya pikapu kwenye mabenchi, bila mkanda na bila kishikio cha maana, gari likienda mbio katika barabara ya changarawe.

Kwa hiyo tunapodai urahisi, tuseme wazi ni urahisi gani. Breki zinazozuia magurudumu yasijifunge si anasa. Mikanda si anasa. Kibanda kisichokunjika wakati wa ajali si anasa. Anasa ni skrini, kiti kinachosogea kwa umeme, mlango unaokataa kufunguka kwa sababu betri ya ufunguo imekwisha, na injini inayozima njiani kwa sababu sensa moja ndogo imeingia vumbi na kompyuta yake yaweza kusomwa mjini tu. Injini za kisasa za dizeli hunyunyiza mafuta kwa shinikizo kubwa sana. Hula mafuta kidogo na moshi wao ni safi zaidi, lakini haziwezi kuvumilia dizeli ya kwenye mapipa iliyochanganyika na maji. Anayeandika sifa za gari la serikali hana budi kuijua tofauti hiyo, na njia ya kuijua ni kumwuliza dereva na fundi wa kikosi kabla ya kumsikiliza mwuzaji.

Hayo ni ya wakubwa wa mipango. Lakini ndugu askari, liko fungu letu ambalo halingoji mkutano wa mawaziri. Ikiwa pikapu rahisi haipatikani tena kwa urahisi, basi ile iliyopo kituoni leo ni mali isiyo na mbadala. Land Cruiser yenye injini ya zamani ya dizeli, ikitunzwa, humaliza miaka ishirini na zaidi ikiwa kazini. Isipotunzwa, miaka mitatu inatosha kuiua. Wazee walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa gari ni chujio la hewa lisilosafishwa baada ya safari ya vumbi. Ni oili iliyopitisha muda wake kwa sababu daftari la gari halikujazwa. Ni grisi isiyowekwa baada ya kuvuka mto. Ni shehena ya tani mbili juu ya springi zilizojengwa kubeba tani moja. Ni gari la doria linalotumwa sokoni kuchukua mkaa wa mkubwa, na usiku linapohitajika kufuata majambazi, tangi ni tupu.

Dereva wa kikosi anayeamka alfajiri kupima maji na oili, anayekaza nati za magurudumu, anayekataa kwa adabu kupakia kupita kiasi, huyo analinda roho za wenzake sawasawa na yule aliyeko lindoni na silaha. Kamanda anayekagua daftari la gari kwa makini kama anavyokagua ghala la silaha anafanya kazi ya ulinzi. Na fundi wa karakana anayemfundisha kijana aliyeajiriwa juzi jinsi ya kusikiliza injini kwa sikio lake, kabla ya kuchomeka kompyuta, anaweka akiba ambayo haiozi.

Viwanda vya dunia vitaendelea kutengeneza kile kinachovipa faida. Hiyo ni tabia yao, na haibadiliki kwa lawama. Kinachoweza kubadilika ni namna sisi majirani tunavyonunua, tunavyounganisha na tunavyotunza. Mnunuzi mmoja mmoja huchukua anachopewa. Wanunuzi waliosimama pamoja, wanaojua wanachotaka na wanaoweza kukitengeneza wenyewe kikiharibika, hao husikilizwa. Mpaka siku hiyo itakapofika, usiku wa leo mahali fulani mwananchi atabisha mlango wa kituo akiomba msaada. Tuhakikishe kwamba pikapu iliyoko uani itawaka.